Nguo za Bi Wanda Zina Jina Tayari

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, pasi imeshapata moto. Lorraine Sebulski, dobi wa makao ya wazee mjini Shamokin, Pennsylvania, analaza kipande cha kitambaa chenye jina kwenye ukosi wa sweta, anakandamiza, anasubiri, anainua. Mwenye sweta aliingia jana. Bila jina, nguo humu hupotea ndani ya wiki.

"Akifa nalibandua," anasema, bila kupunguza sauti. "Sweta zuri halitupwi."

Lorraine ana miaka hamsini na tisa na mgongo mbovu. Analipwa dola kumi na saba kwa saa. Kitanda kimoja, ghorofa ya juu yake, ni dola elfu kumi na moja kwa mwezi. Kitanda hicho ndicho anachokitafutia njia, kwa kuwa mama yake, Bi Wanda, mwenye miaka themanini na sita, hajui tena jiko linazimwa vipi. Mara mbili amekutwa barabarani kwenye theluji, akiwa na gauni la kulalia.

Serikali humlipia asiye na kitu. Bi Wanda hana kitu. Tatizo ni jinsi alivyofika hapo.

Kila Alhamisi wanawake wa kanisa lao hukusanyika jikoni kufinya pierogi, vijisambusa vya kuchemsha vya viazi, za kuuza, na mikono ikiwa kwenye unga, midomo hugawa ushauri. Miaka mitatu na nusu iliyopita, jirani yao Bernadine alimwambia: "We Wanda, mwandikishie mtoto nyumba sasa hivi. Ukizubaa, serikali itaila na milango yake."

Bi Wanda alirudi nyumbani akampigia simu mwanawe wa kiume, Gerard, anayeishi mji mwingine. Nyumba ikawa yake kwa dola moja. Lorraine, aliyekuwa chumba cha pili akimkunjia mama yake soksi, hakuambiwa.

Sheria hutazama nyuma miaka mitano tangu siku ya kuomba. Ukiwa uligawa mali ndani ya muda huo, serikali haikulipii mpaka uitumikie adhabu: miezi ya kujilipia mwenyewe. Lakini kinachomchoma Lorraine ni alichosikia baadaye kwa wakili: mtoto aliyeishi na mzazi na kumtunza kwa miaka miwili kabla hajaingia makao, anaweza kupewa nyumba bila adhabu.

"Yaani mimi," anasema. "Nilikuwa humo humo ndani. Ila kwa akili za Mama, nyumba haiandikwi jina la msichana."

Gerard angeweza kuirudisha. Lorraine alimpigia mwezi uliopita.

"Irudishe, Gerry."

"Dada, hebu sikiliza kwanza..."

"Usinidada. Irudishe."

"Nimeiweka rehani benki. Nilinunua lile lori."

"Lori lenyewe linatembea?"

"Liko gereji."

Siku hizi Bernadine hushinda na Bi Wanda mpaka Lorraine atoke kazini, na hataki malipo. "Mdomo wangu ndio ulioleta haya," anasema, akimpangusa mgonjwa kidevu. "Basi mikono ilipe."

Bi Wanda anamsukuma. "Huyu mama nani? Mwambieni aende kwao, mwanangu anakuja."

"Nimeshafika, Mama," Lorraine anajibu kutoka mlangoni, koti bado mwilini.

"Si wewe. Gerry."

Lorraine anavua koti, anaenda kuchemsha supu.

Mpango wake ni kungoja. Miezi kumi na minane bila kuomba chochote, hadi miaka mitano itimie. Akiomba mapema, ile nyumba itahesabiwa. Mpaka hapo atamwogesha, atambeba, atafunga mlango kwa komeo la juu. "Asianguke tu. Nyonga ikivunjika, mpango umekwisha."

Daktari hana hakika kama Bi Wanda atafika huko.

Hata hivyo, chini ya kitanda cha Lorraine kuna sanduku lenye magauni, sweta na soksi, vyote vimebandikwa jina: W. Sebulski. Alivibandika kazini, zamu ikiisha.

Anavuta ukosi wa gauni moja la bluu. Pembe ya kitambaa imeanza kuinuka.

"Nimetumia moto mdogo," anasema, akiikandamiza kwa kidole gumba. "Ili majina yakitakiwa kubanduka, yabanduke bila kuchana nguo. Akiingia makao, nitayarudia kwa moto mkali."