Mafuta Yako Mwenyewe

Neno "mafuta" ndilo lililomponza mdogo wangu. Kwa Kiswahili tunaita hivyo ya kupikia, ya kujipaka, na hata yale yanayokaa chini ya ngozi ya tumbo. Sikuwahi kuona ubaya wa jambo hilo mpaka titi lake la kushoto lilipovimba, likawa gumu na la moto.

Alisikia kwamba mwanamke anaweza kuongezwa matiti kwa mafuta yake mwenyewe. Ni kweli, nimesoma: daktari mpasuaji huyafyonza tumboni au mapajani, huyasafisha, kisha huyadunga kwenye matiti ya mwanamke huyohuyo. Lakini mdogo wangu alikwenda kwenye chumba cha urembo, ghorofani, juu ya duka langu la vitambaa hapa Kariakoo. Akaambiwa, "Njoo na mafuta yako mwenyewe." Akanunua chupa ya mafuta ya kupaka watoto wachanga. Wakamdunga hayohayo, wakianza na titi moja.

Aliponionyesha, nilipanda ngazi bila hata kufunga duka. Mwenye chumba, binti aliyevaa koti jeupe kama muuguzi, alinipokea kwa adabu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ulimdunga mdogo wangu mafuta ya nani?"

"Yake mwenyewe."

"Ya mwili wake?"

"Kayanunua yeye, dada. Sasa yawe ya nani, ya jirani?"

Wanawake waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakacheka. Sijawahi kutamani kumpiga mtu kama siku ile.

Hospitalini daktari alisema mafuta yale yamesambaa ndani ya nyama na hayatoki kwa dawa. Atakata sehemu iliyoharibika. Titi litaokolewa, ila si lote.

Nilitaka twende polisi. Mdogo wangu akakataa. "Nikafunue kifua mbele ya nani, dada? Halafu mtaa mzima ujue?"

Bila yeye sina mlalamikaji, na chumba bado kiko wazi. Kwa hiyo nimeweka kiti changu chini ya ngazi, na kila anayepanda namweleza. Wachache hugeuka. Jana mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kifuani, akasema, "Mama, wewe ushanyonyesha, ushamaliza. Tuachie na sisi." Akapanda.

Nikamfuata juu, nikaanza kumweleza upya.