Siku Saluni Yangu Ilipogeuka Kanisa

Jamani, mkinikuta Kensington, hapa Johannesburg, kwenye robot (ndivyo wanavyoita taa za barabarani) nasubiri kuvuka huku nimejifunika ushungi mpaka puani, msidhani nimekuwa na maringo, ni aibu tu, na aibu yenyewe nilijitakia kwa neno moja.

Ilikuwa 2019, mahakama imesharuhusu watu wavute bangi majumbani mwao na maduka ya mafuta ya bangi yameanza kuchipua Johannesburg, mara nasikia chumba cha ubavuni mwa saluni yangu kimepata mpangaji, kijana mwenye dredi anaitwa Themba, anataka kuuza hayo hayo mafuta. Nikaona kitumbua changu kimeingia mchanga. Wateja wangu wengi ni akina mama wa Kikongo, wanasukwa Jumamosi ili Jumapili wapendeze kanisani, sasa nani atakubali kuingia ibadani ananukia bangi?

Basi akaja bwana mmoja wa ofisi ya mipango ya majengo, anawauliza majirani kama wana pingamizi, akanieleza kwa upole kwamba duka la namna ile haliruhusiwi karibu na shule wala nyumba ya ibada. "Je, hapa karibu ipo nyumba ya ibada?" Mdomo wangu (ulishanichapisha viboko sana huu, tangu niko mdogo Tanga) ukajibu, "Ipo! Wanasali humu humu ndani." Akasema atarudi Alhamisi aione.

Nikamgeukia Mama Plamedi, fundi cherehani wa Bukavu ninayegawana naye chumba, nikijua atanigombeza. Weee! Alipiga makofi. "Dada Hawa, usiogope! Batu ba maombi biko bengi, batakuya bote!" Na kweli, hawa ndugu zetu kanisa haliwashindi, wape viti vya plastiki na spika moja tu, mpaka chai iive kwaya imeshapangwa sauti.

Alhamisi wakaja wamependeza, ngoma zikalia, vioo vyangu vikatetemeka ukutani, hata mteja aliyekuwa chini ya draya na rola zake kichwani (maskini, alikuja kukausha nywele tu) akapewa kayamba. Watu wa mtaani wakajaa mlangoni. Bwana wa ofisi akapenya katikati yao, akasubiri wimbo uishe, akauliza, "Mchungaji ni nani?"

Hilo hatukulipanga. Basi Mama Plamedi, bila haya, akaninyooshea kidole: "Ni uyu. Pasta mama."

Mimi! Na ushungi wangu na chanuo mkononi! Bwana akaniomba nifunge ibada kwa sala, nikainua mikono, nikatafuta maneno ya Kikristo nisiyaone, nikasikia mdomo wangu unasema, "Bismillahi..." Yule wa draya akaitikia "Amina!" kwa nguvu zote.

Bwana hakucheka. "Mama, chumba hiki kimeruhusiwa biashara, siyo ibada. Kama ni kanisa, nalifunga leo. Kama ni saluni, umenidanganya. Ni nini?"

Saluni ile ndiyo inayowalisha wanangu wawili kwa mama yangu. Nikanong'ona kwamba ni saluni. Akasema hakunisikia, na Mama Plamedi, kwa kunisaidia, akanisogezea kipaza sauti mdomoni, nikapaza, "NI SALUNI!" Spika ikapeleka habari mpaka ng'ambo ya barabara, mtaa mzima ukaangua kicheko, nami nikatamani ardhi ipasuke.

Aliyeniokoa ni nani? Themba. Alisogea kutoka mlangoni, akasema, "Eish, mkubwa, msamehe. Ni saluni kweli, mimi mwenyewe nilitaka kumwomba anikaze dredi." Bwana akanitazama, akamtazama, akaniachia onyo kali. Na kwa kuwa nyumba ya ibada haipo (nimetangaza mwenyewe kwa spika), Themba akapata kibali chake.

Sasa wateja wake wote wenye dredi wanatoka kwake wanaingia kwangu, na wale mama wa Jumamosi hawakupungua hata mmoja. Riziki ilikuja yenyewe mlangoni, mimi nikaenda kuiitia kwaya iifukuze! Nimeapa, nikiulizwa tena kama kitu kipo, nitaanza kwa kusema sijui.

Ila kuna waumini waliokuja siku ile wakaondoka baada ya sala, kabla sijatangaza kwa spika, wanaamini mimi ni pasta kweli, na mpaka leo yupo mama mmoja wao, taa ikiwa nyekundu, lazima aniite mbele za watu: "Pasta mama! Ibada ni saa ngapi?"