Mama wa Maji Apishwe Ngazini

Nakumbuka Jumapili moja pale mtaani Pipeline, mwanangu, na umenikumbusha wewe, kwa hii filamu yako ambamo stelingi, shujaa mwenyewe, anauawa kabla hatujamjua jina.

Mimi na rafiki yangu Wafula tulikuwa vijana. Wafula alikuwa ameacha kibarua cha kiwandani ili tutengeneze filamu ya polisi na jambazi. Mama Nekesa, mwenye ukumbi wa video, alitupa Jumapili hiyo moja ya kuionyesha. Watu wakipenda, ataionyesha tena. Wakikataa, yeye arudie filamu zake za karate na Wafula arudie kiwanda.

Tulimuua stelingi katikati. Tulijiona wajanja. Watu wakangoja afufuke, na walipoona kimya wakabeba watoto wao wakaenda zao.

Mama Nekesa hakupaza sauti. "Mwacha mila ni mtumwa," akasema. "Watu wanajua stelingi hafi. Wamekuja kuona atapona vipi."

Wafula akaomba Jumapili nyingine, akapewa shingo upande.

Sasa mimi nikataka stelingi aruke paa kwa paa, kama wale wa ng'ambo. Wafula akanicheka. "Mwiga tembo kunya hupasuka msamba. Hapa kwetu nani anaruka paa?"

Basi tukamfanya stelingi amkimbize jambazi kwenye ngazi za ploti, jumba la ghorofa la wapangaji, siku mifereji imekauka. Na ada yetu unaijua: anayepanda na mtungi wa maji hupishwa. Akatokea mama na mtungi wake. Jambazi akajibana ukutani. Stelingi, bastola mkononi, naye akajibana.

"Asanteni, vijana wangu," mama akasema, akapita polepole.

Ukumbi ulicheka mpaka mabenchi yakalia. Ghorofa iliyofuata, jambazi akampiga kumbo mama wa pili, maji yakamwagika. Watu wakamzomea. Walikuwa wamemwona akiua na hawakumchukia hivyo. Akateleza kwenye maji yale yale, stelingi akamkamata, na hakuna aliyeinuka kitini hadi mwisho.

Wafula hakurudi kiwandani.

Kwa hivyo, mwanangu, mfufue stelingi wako. Mpe mtazamaji ahadi aliyoijia, ila umfikishe kwa ngazi za kwenu, maana kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mungu akubariki mkono, na siku utakapoonyesha, mama aliyetoka kuteka maji akae chini, asahau kuwa amechoka.