Matanga ya Kura za Baba

Baba aliposhindwa uchaguzi alifunga geti kwa kufuli, akazima redio, akatangaza kwamba siku hiyo hakipikwi kitu nyumbani kwake.

"Wameniua," alisema. "Mutu akikufa, anakula?"

Saa nne haijafika akaniita niulize kama kuna chai. Mama akajibu kutoka chumbani, "Umwambie maiti haiombake chai."

Leo nayaandika haya nikicheka, lakini asubuhi ile sikucheka. Ilikuwa mwaka 2005, mtaani kwetu Buyenzi, vita vikiwa vimechoka ila havijaisha. Baba alikuwa fundi wa injini. Chama chake kilimweka kwenye orodha ya kugombea ukonseye wa komine, yaani udiwani, kisha chama chenyewe kikapigwa kama ngoma. Aliyepita kwenye mtaa wetu alikuwa fundi bodi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwenzake Baba katika gereji moja kwa miaka zaidi ya ishirini. Wakati wa kampeni wawili hao waliwekeana sharti: kofia ya chama inabaki nje kwenye msumari, ndani ni spana na nyundo tu. Sharti lilishika mpaka jioni ya matokeo. Majina yaliposomwa redioni tukasikia vigelegele upande wa pili wa ukuta, na Baba akachukulia kwamba kila kigelegele kimepigwa kwa makusudi sikioni mwake.

Mama alimtupia ile methali ya watu wa mpira, asiyekubali kushindwa si mshindani. Akampa mgongo. Baba yangu ni mtu mwema sana, ila kununa kwake ni kwa jumla. Akikununia wewe ameinunia nyumba nzima, na kuku ndani yake.

Nilichoogopa mimi hakikuwa kununa. Vijana wa chama chake walikwisha kutuma ujumbe kwamba saa saba watakuja kuchukua neno lake. Akisema matokeo hayakubaliki, wangefunga barabara kwa mawe, na fundi bodi asingepita na watu wake. Jambo hilo kwetu halikuwa la kukisia. Kwenye uchaguzi wa kwanza, ule wa 1993, kuna ambao hawakukubali. Rais aliyechaguliwa akauawa, nchi ikawaka. Katika vurugu zilizofuata kaka yangu alitoka nyumbani kupeleka betri ya gari mtaa wa Cibitoke, na hakurudi. Hatukuletewa mwili wala habari. Kufikia 2005 mimi mdogo wake nilikuwa nimempita umri.

Kwa hiyo nilikaa uani nikimtazama Baba anavyozunguka na fulana yake, nikijiuliza atawaambia nini. Nilimpenda na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja.

Saa nne na nusu geti likagongwa. Nikachukua ufunguo, nikafungua. Alikuwa mke wa fundi bodi, mkeka kwapani, mtandio kichwani, macho mekundu. Nyuma yake walisimama wanawake watano au sita wa mtaani, nao na mikeka yao, mmoja amebeba sufuria. Nilipaswa kujua. Kwenye mtaa wetu jiko lisipowaka, geti likifungwa na redio ikinyamaza, watu hawaulizi mara mbili. Nyumba ya msiba haipiki, hupikiwa.

Akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Mumemupata?"

"Nani?"

"Mutoto. Kaka yako. Mumemupata wapi?"

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alielewa kabla yangu. Akakaa chini palepale kizingitini.

Papo hapo fundi bodi mwenyewe akaingia. Alikuwa amevaa shati jipya la kupokelea pongezi, na wageni wake wa ushindi alikuwa amewaacha kwake. Akaenda moja kwa moja kwa Baba, akamkumbatia, akalia kwa sauti, mwanamume mzima.

"Ndugu yangu," alisema, "ule mutoto ni mi nilimufundisha kushika nyundo."

Sijawahi kumwona mtu akiona haya kama Baba wakati ule. Angeweza kunyamaza tu, akabaki na heshima yake. Lakini alimshika mwenzake mabega, akamsogeza kidogo ili amtazame.

"Apana," alisema. "Hakuna habari ya mutoto."

"Sasa nani amekufa?"

"Hakuna mutu. Nilikuwa nimenuna." Akanyoosha fulana yake. "Juu ya kura."

Fundi bodi akajifuta uso kwa mkono wa lile shati jipya. "We! Unaninunia mi mpaka nalia?"

Aliyeanza kucheka ni Mama, palepale kizingitini, na machozi yakimtoka. Wanawake wakamfuata, mwisho hata Baba akashindwa kujizuia. Fundi bodi aliendelea kukasirika peke yake kwa muda, maana kulia bure mbele za watu si jambo dogo. Kisha akasema mikeka haiwezi kurudi bila watu kula, akatuma iletwe pilau iliyopikwa kwa ajili ya wageni wake. Wageni nao wakaifuata pilau yao.

Basi Baba akala pilau ya ushindi wa mwenzake, amekaa kwenye mkeka wa matanga. Alianza kwa ncha za vidole, kama mtu anayeonja dawa. Baadaye mkono mzima ukazama. Njaa haina chama.

Saa saba vijana wakaja, saba au wanane, nyuso zimekaza. Walipoona mikeka na watu wamekaa, wakavua viatu na sauti zikashuka. Mkubwa wao akachuchumaa karibu na Baba.

"Muzee, pole. Lakini watu wanangoja neno yako. Tunakubali ao tunakataa?"

Fundi bodi akaacha kutafuna. Mimi nilikuwa nikimnawisha mgeni mmoja, nikaendelea kumimina hata alipokwisha kunawa. Baba hakuwa na haraka. Aliomba maji, akanawa, akajipangusa vidole kimoja kimoja.

"Uchaguzi wa kwanza uliniulia mutoto," alisema. "Huu umeninyima kiti tu. Mi nashukuru Mungu. Kaeni, mukule."

Walitazamana, kisha wakakaa, na fundi bodi akawasogezea sinia. Hakuna jiwe lililowekwa barabarani siku ile. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa Mama. Miaka kumi na miwili nyumbani kwetu tulisema "hajarudi". Lile neno lingine, la kifo, hakuna aliyewahi kulitamka mpaka dakika ile, na Baba ndiye aliyelikwepa kuliko sisi sote. Mama alijifunika kitenge usoni. Mke wa fundi bodi akaiacha sahani yake, akamvuta kifuani, na wanawake wakasogeza mikeka karibu, maana sasa msiba ulikuwepo kweli.