Chumba Kinachotazama Ziwa

Sisi watu wa Bukavu tuna ugonjwa wetu: nyumba ikilipa ziwa mgongo, tunaona mwenyewe hana adabu. Ugonjwa huo ndio uliomponza Venant Mushagalusa, fundi mzaliwa wa Mudaka, mwaka alipopewa na serikali kazi ya kujenga maabara huko Muhumba. Kwenye karatasi za Zaïre aliitwa citoyen, yaani raia, Mushagalusa basi, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Nyumbani alibaki Venant, na mkewe Emérence alimwita Papa Sophie.

Sophie alikuwa binti yao wa kwanza. Alipougua, damu yake ilipelekwa Kinshasa kupimwa, na jibu lilirudi wakati majani yameshaota juu ya kaburi. Ndiyo maana Venant aliitaka kazi ya maabara kuliko kitu chochote. Mpaka hapo alikuwa amejenga maghala ya kahawa na vyoo vya shule. Alipoipata, furaha ikampanda kichwani.

Mchoro ulionyesha chumba cha darubini nyuma, upande wa kilima, na chumba cha kungojea mbele. Venant akautazama, akacheka. Yaani mtaalamu akae anatazama ukuta wa udongo, na ziwa liko pale? Akavibadilisha vyumba bila kumwuliza mtu. Akajenga meza za zege huko mbele, akapitisha mabomba, akaweka madirisha mapana. Wakubwa wa serikali walipopita kuangalia kazi, walisimama dirishani wakamsifu, wakasema wiki ijayo wangekuja kuipokea rasmi. Mmoja akadokeza kwamba mtaa wa Kasha nako kuna jengo jingine linalotafuta fundi.

Kesho yake alasiri alikuja citoyenne Cibalonza, ambaye angekuwa mkuu wa maabara. Alisimama katikati ya chumba, jua likimpiga usoni.

"Papa, ni kazi muzuri," alisema. "Lakini humu sitaweza kufanya kazi. Ona, jua iko inaingia moja kwa moja juu ya meza. Damu itaharibika, na dawa pia."

"Tutaweka rideaux kwa madirisha, maman."

"Rideau itafunga jua, joto itabakia. Nitakuwa ninatoa majibu ya uongo."

"Wakubwa wameipenda."

"Wakubwa hawatapima damu humu. Miye sitakushitaki kwao, papa. Utaona weye mwenyewe."

Akaenda zake. Venant angefunga mdomo tu, jengo lingepokelewa na kazi ya Kasha ingekuwa yake. Alirudi nyumbani amefura, amemkasirikia Cibalonza, mchoro, hata jua lenyewe. Akamwaga yote mbele ya Emérence akitegemea kuungwa mkono. Emérence alikuwa anasonga ugali, wala hakugeuka.

"Papa Sophie, jibu ya mutoto wetu ilichelewa. Sasa unataka kujenga nyumba ya kutoa majibu ya uongo?"

Maneno yale yalimchoma. Usiku ule Venant hakugusa ugali.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kila raia atoke akafanye kazi ya umma bila malipo. Mafundi wake walikuwa wanafyeka kando ya barabara waliposikia nyundo ndani ya maabara. Wakamkuta Venant peke yake, mweupe kwa vumbi, anavunja meza yake mwenyewe.

"Patron, umerukwa na akili?" aliuliza Firmin, msimamizi wao.

"Nilikosa, Firmin. Nilipotosha plan. Mutoke, hii kazi haina malipo."

"Salongo nayo ina malipo gani?" Firmin akatupa panga lake mlangoni. "Bora tuvunje huku kuliko kukata majani."

Wakavunja, wakahamisha mabomba, wakajenga upya upande wa kilima, siku hiyo na wiki nzima iliyofuata. Wakubwa walipofika, zege la meza moja lilikuwa bado bichi, na mkubwa mmoja alinuna alipoona mabenchi ya wagonjwa yamewekwa penye ziwa lake zuri. Jengo lilipokelewa. Kazi ya Kasha ikaenda kwa mtu mwingine, na Venant akarudi kwenye vyoo vya shule kwa muda.

Msimu wa mvua, mtoto wao mdogo, Modeste, alishikwa na homa kali. Emérence alimbeba mgongoni mpaka Muhumba, Venant akifuata nyuma na hofu ileile ya zamani. Cibalonza alimtoboa mtoto kidole, akaingia na lile tone la damu kwenye chumba cha nyuma. Wakaketi kwenye benchi. Mvua ilikuwa imekatika na ziwa limetulia.

Jibu lilitoka kabla jua halijafika dirishani: malaria, na dawa ipo. Venant alilia waziwazi mbele ya watu. Emérence alimvuta kando yake, akatazama ziwa nje.

"Papa Sophie," alisema, "hapa mutu anaweza kungojea."