Mikono Aliyoichora Rashidah

Kwa miaka kumi na tisa Rashidah alichora mikono ya mama yake, na hakuwahi kuitilia shaka mpaka Vera alipomjia na daftari.

Vera alikuwa Mkenya aliyeandaa maonyesho ya wachoraji mjini. Alitaka ukurasa mmoja tu: Rashidah alianzia wapi, aliathiriwa na nani, na kwa nini anachora vile anavyochora. Walikaa mtaa wa Kansanga, katika chumba cha kazi cha Rashidah juu ya duka la vipuri, harufu ya tapentaini imewajaa puani.

Mwanzo ulikuwa rahisi. Akiwa na miaka kumi na saba alichora mabango ya saluni na baa za barabara ya Ggaba: vichwa vya wanawake waliosukwa, na chupa za bia ambazo yeye, binti wa Kiislamu, hakuwahi kuzionja. Baadaye mwalimu mmoja aliyeishi Kyambogo alimfundisha rangi za mafuta, akawa anamgombeza kila siku kwa kuizungusha turubai anapochora. Rashidah hakuweza kuacha. Alianzia katikati, akaweka mipigo mifupi ya brashi, mmoja ubavuni mwa mwenzake, akizunguka hadi ukingoni, buluu kando ya rangi ya machungwa, kama mtu anayesuka.

"Hiyo ndiyo nataka, dada," Vera alisema. "Uliitoa wapi?"

"Kwa mama. Alisuka tabaga, zile kawa zetu Wanubi za kufunikia chakula. Mimi nilikaa miguuni pake, natazama mikono."

Vera aliandika, kisha akaomba picha ya mama akiwa na kawa zake. Kwa hiyo kesho yake Rashidah akateremka Ggaba, kwa mama yake, Hajati Sitti, akamkuta anaparua samaki uani.

"Kawa zipi?" mama aliuliza. "Mimi sijasuka hata moja maishani."

Rashidah alicheka. Mama hakucheka.

"Bibi yako alijaribu kunifundisha, akashindwa. Sikuwa na subira. Akamfundisha Acayo, mke wa Otema yule askari, wapangaji wetu. Nikienda sokoni ulishinda kwake. Kwani uzi wa buluu na wa machungwa ulitoka wapi? Acayo alikuwa anafumua magunia ya vitunguu."

"Lakini Mama, ile picha kubwa nimeiita *Mikono ya Mama*. Umeiona mara ngapi?"

"Nilidhani umenitunukia tu," mama alisema, macho kwenye samaki. "Nikaona nikikataa nitakuvunja moyo."

Rashidah alirudi Kansanga. Alifumba macho kuitafuta mikono ile, akaiona vilevile: vidole virefu, uzi umebanwa kati ya meno. Meno ya nani? Alipojaribu kupandisha macho aone uso, hapakuwa na uso. Na sasa alitambua kwamba tangu alipoacha mabango hakuwahi kuchora uso hata mmoja.

Siku mbili alitafuta namba ya simu, mpaka akampata Acayo, mjane sasa, kule Gulu. Bibi yule bado alizungumza Kiswahili alichokiokota kambini na marehemu mumewe.

"Kusuka? Ndiyo, mimi nilisuka," Acayo alisema. "Lakini na mama yako pia. Sisi wawili, mlangoni. Yeye anashika uzi mwekundu, mimi buluu."

"Mama anasema hajasuka kamwe."

"Ah! Sitti anasahau. Au mimi ndiyo nasahau? Wewe mtoto sikukumbuki vizuri, mwanangu. Unisamehe."

Rashidah alimpigia Vera. "Andika kwamba sijui."

"Siwezi kuandika hivyo, dada. Watu watakuja kusoma."

Walibishana hadi wakakubaliana: ukurasa ungesema alijifunza kutazama katika ua mmoja wa Ggaba, kwa wanawake watatu, nao wakatajwa kwa majina: bibi yake akitangulia, kisha mama na Acayo. Picha kubwa ikabaki na jina *Mikono* basi. Rashidah aliusoma ukurasa mara nne. Hakuona uongo ndani yake, wala hakuona kama unamhusu yeye.

Siku ya kufungua maonyesho, Hajati Sitti alikuja amejitanda gurbaba yake ya manjano, vazi la wanawake wa Kinubi. Alisimama mbele ya picha ile muda mrefu hata watu wakampisha. Kisha akanyoosha mkono, akagusa turubai kabla mlinzi hajamzuia.

"Hapa umekosea," alisema. "Kidole hiki kilikuwa kimepinda."

Rashidah alitazama vidole vya mama yake. Vyote vilikuwa vimenyooka.

"Kidole cha nani, Mama?"

Lakini Hajati Sitti alikwishasogea kwenye picha ya pili, akimuuliza Vera kama pale hakuna kiti.