Utabaki na Wewe

Murugi aliolewa Ruring'u akijua atakuwa na mama mkwe mmoja. Alipojifungua akajikuta na wawili, kwa sababu kwa desturi ya Wagikuyu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Mtoto akaitwa Wakonyo. Na yule Wakonyo mkubwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Shosho, yaani bibi, tangu siku hiyo akaacha kabisa kusema "mtoto". Akawa anasema "mimi".

"Murugi, nimeamka! Kuja unipanguse!"

Na Murugi aache sufuria motoni, aende. Sasa utabishana vipi na mtu wa namna hiyo? Ukisema mtoto amenuna, umesema mama mkwe amenuna. Ukisema mtoto amejichafua hadi mgongoni, afadhali ungenyamaza.

Vitambaa vya kumpangusia vilikuwa wazo la Shosho, na tusimnyime haki yake, lilikuwa wazo zuri. Zile tishu zenye maji za dukani zilikuwa zimemwachia mtoto wekundu mapajani. Shosho akatoa shuka lake la flana, lililolainika kwa miaka mingi ya kufuliwa, akalikata vipande thelathini. Murugi, ambaye ni fundi cherehani, akavipinda kingo. Unachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, unakikamua, unampangusa mtoto kutoka mbele kwenda nyuma, unakitupa kwenye ndoo yenye kifuniko. Baada ya wiki mbili wekundu wote ulikuwa umeisha.

Taabu ilikuwa kwenye hiyo ndoo. Vitambaa vilitaka kulowekwa, kusuguliwa, kuchemshwa kwenye sufuria yao, kusuuzwa mara mbili na kuanikwa. Na ilikuwa Julai, ukungu umeulalia mtaa kutwa nzima, mlima hauonekani, na jua hata likitoka linatoka kwa kusitasita. Kitambaa cha Jumatatu kilikuwa bado kina maji Jumatano. Murugi alianika, akaanua mvua ilipoanza kunyunyiza, akaanika tena. Vidole vilimpasuka. Siku moja alipiga hesabu akaona hajatoka nje ya lango, ila kwenda kanisani, kwa siku kumi na moja, akalia pale pale kambani, kibanio cha nguo kikiwa bado mdomoni.

Hakuwa analilia kufua. Huko Chaka, kwenye chumba cha ushonaji cha Magdaline, mashine yake ilikuwa ikimngoja. Magdaline alikuwa amemwekea nafasi hiyo miezi saba, jambo ambalo si kila mwajiri angelifanya, lakini sasa subira ilikuwa imefika mwisho.

"Jumatatu saa mbili usipokuwa hapa, hiyo mashine nitapatia mtu mwingine," alimwambia kwa simu. "Si ubaya, Murugi. Niko na sketi mia mbili za shule hapa na mikono haitoshi."

Na mtoto akae wapi? Shosho alikuwa amelijibu swali hilo kabla hajaulizwa. Mgongo. Ulikuwa unamuuma, mgongo ule ule uliobeba viazi kutoka shambani wiki iliyotangulia. Murugi alipombembeleza, Shosho alicheka hadi akajifuta macho.

"Ati nijilee? Wewe umewahi kuona mtu akijibeba mgongoni?"

Theuri, mume wa Murugi, alikuwa kazini Murang'a na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. "Ongea na mathe, mtaelewana," alisema kuhusu mama yake, akakata simu. Ni rahisi kuwa na busara ukiwa Murang'a.

Ikabaki Shiro, mama mmoja anayelea watoto wa wafanyakazi nyuma ya soko la Chaka. Alikubali kumchukua Wakonyo, na vitambaa vyake akavikubali, ila kwa sharti.

"Kumi na mbili kila asubuhi, na iwe imekauka kabisa. Kama iko na maji inanuka, na mtoto atachubuka. Hiyo chafu utarudi nayo jioni. Mimi sifui."

Vitambaa kumi na viwili vikavu. Kati ya Murugi na mashine yake hapakuwa na kitu kingine.

Jumamosi alifunga kamba jikoni, juu ya jiko la makaa, akavitandaza hapo. Kufikia saa tisa alasiri vilikuwa vimekauka vikawa vyepesi. Alivigusa kimoja kimoja, na moyo ukamwenda mbio kwa furaha ya kijinga. Akatoka kuteka maji kwenye tangi. Aliporudi na ndoo, akasimama mlangoni.

Shosho alikuwa chini ya ile kamba, mtoto amemfunga mgongoni. Naam, mgongoni. Alivuta kitambaa, akakiweka shavuni, akatikisa kichwa, akakitumbukiza kwenye beseni la maji. Akavuta kingine. Ishirini na vinane vilikuwa vimeshaogelea.

"Shosho! Hiyo ilikuwa imekauka!"

"Iko na moshi," alijibu bila kugeuka. "Unataka ninuke moshi mbele ya watu wa Chaka?"

Murugi aliitua ndoo chini. Wiki zote hizo alidhani anashindana na ukungu.

Jumapili asubuhi alijifungia chumbani. Alikamua vitambaa kumi na viwili hadi viganja vikamuuma, akavipanga tumboni na kiunoni, akavifunga kwa leso, akavaa sweta mbili na koti, kisha akaenda kanisani na Shosho kama kawaida. Wakati wa nyimbo alitetemeka mpaka jirani yake akamwuliza kwa kunong'ona kama ana malaria. Mhubiri alirefusha, kama ilivyo ada yake, na kwa mara ya kwanza maishani Murugi alimwomba Mungu ampe mhubiri nguvu za kuendelea. Wakati wa kutoka vitambaa vilikuwa vimekauka nusu. Alivikamilisha alasiri akimenya viazi kando ya jiko, koti halivuliwi, Shosho akimtazama kwa jicho la pembeni. Jioni alivitoa vikiwa vikavu na vyenye joto la mwili wake, akavikunja, akavificha kwenye mkoba chini ya futi yake ya kupimia nguo.

Jumatatu alikwenda kuoga saa kumi na mbili. Alirudi akiwa amevaa, viatu mkononi, akakuta mkoba umefunguliwa.

Shosho alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto mapajani, bakuli la maji ya uvuguvugu pembeni. Alichovya kitambaa, akakamua, akampangusa mtoto uso. Akakitupa kwenye ndoo. Akachukua cha pili, akampangusa shingo. Cha tatu nyuma ya sikio hili, cha nne nyuma ya lile. Na ukweli usemwe, hakuna aliyewahi kumpangusa mtoto yule kwa upole kama ule. Mtoto alikuwa akicheka.

"Shosho, tafadhali."

"Nisafiri nikiwa mchafu?"

Angeweza kumnyang'anya. Lakini alikuwa amelelewa kutopokonya kitu mkononi mwa mtu mzima, na Shosho alilijua hilo vizuri sana. Kidole kwa kidole, kiwiko kwa kiwiko, vikaisha. Cha mwisho kilipita kwenye unyayo, kikaenda ndooni.

"Miaka sita kabla uje nilikunywa chai peke yangu kwa hii nyumba," alisema akiitazama ndoo. "Wewe hujui hiyo kitu."

Tangu mtoto azaliwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza Shosho kusema yaliyo moyoni mwake mwenyewe. Murugi alimhurumia. Alimhurumia kwa dhati, na huruma hiyo ikamwogopesha kuliko hila zote, kwa kuwa aliona jinsi ingeweza kumkalisha pale hadi mtoto aolewe.

Akavaa viatu. Akambusu mtoto utosini.

"Uji uko kwa thamosi. Viazi iko kwa sufuria ndogo. Atanyonya nikirudi."

"Unaenda wapi?"

"Kazi."

"Na mimi?"

"Utabaki na wewe, Shosho."

Akalifungua lango haraka, kabla miguu haijabadili nia.

Saa tano, akiwa Chaka kwenye mashine yake, simu iliita. Ilikuwa namba ya Shosho. Murugi akapokea, na hakusikia salamu. Alisikia mtoto akilia, karibu sana, kwa namna ambayo ilionyesha wazi kwamba mtu amemshikia simu mdomoni.

"Shosho? Amekula? Shosho, ongea!"

Kilio, pumzi, kilio. Maziwa yakamtoka, yakamlowesha blauzi. Upande wa pili wa chumba Magdaline aliinua macho, akatazama saa ya ukutani, akainama tena. Wanawake wengine wakasimamisha mashine zao.

Murugi aliiweka simu mezani kando ya mkasi. Hakuikata, wala hakuinuka. Alivuta sketi ya tatu chini ya sindano, akaweka mguu kwenye kanyagio, akaanza kushona, mtoto wake akiendelea kulia pale mezani.